Mbelgiji aliyekaa darasani kwa wazee wa Bwami

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga marufuku Bwami, chama ambacho kwa vizazi vingi kilikuwa shule, baraza na hazina ya sanaa ya Walega wa misitu ya mashariki mwa Kongo. Miaka michache tu baadaye, wazee wa chama hichohicho walimkaribisha kijana wa Kibelgiji, ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza, akae kando ya uwanja na daftari lake, atazame ngoma, asikilize methali, aonyeshwe vitu ambavyo watoto wao wenyewe walikuwa bado hawajaruhusiwa kuviona. Kijana huyo aliitwa Daniel Biebuyck. Sehemu kubwa ya yale ambayo wasomi wa dunia wanayajua leo kuhusu Bwami imepitia katika madaftari yake.

Walega wanaishi Pangi, katika jimbo la Maniema, na vilevile Shabunda na Mwenga, Kivu Kusini. Kwa mtu wa Tunda, kule Kibombo kwenye misheni na hospitali ya Wamethodisti, hao ni majirani wa ng'ambo ya mto: unafika Kindu, unavuka Lualaba hadi Alunguli, kisha unashika njia ya Kalima. Upande wa magharibi ni nchi ya Wakusu na Watetela, nao pia walipata mtafiti wao. Luc de Heusch, aliyezaliwa Brussels mwaka 1927, aliishi kwa Wahamba, Watetela wa msituni kule Sankuru, mwaka 1953 na 1954. Alirudi na filamu ya sherehe zao, Fête chez les Hamba, iliyotoka mwaka 1955, pamoja na maelezo ya nkumi okunda, wakuu wa msitu, ambao heshima yao ilitokana na mali waliyoigawa mbele za watu. De Heusch aliendelea kuandika juu ya ufalme na kafara barani Afrika hadi alipofariki mwaka 2012. Lakini mtu aliyekaa ndani ya Maniema, akaiandika kwa kina ambacho hakijapitwa, ni Biebuyck.

Alizaliwa mwaka 1925 huko Deinze, mji mdogo wa Flandria, akasoma katika Chuo Kikuu cha Ghent. Mwalimu aliyemwelekeza Afrika ni Frans Olbrechts, ambaye mwaka 1946 alitoa kitabu kikubwa kuhusu uchongaji wa Kongo. Olbrechts aliwafundisha wanafunzi wake kwamba sanamu ya Kiafrika ina mchongaji, ina mahali ilipotoka na ina kazi yake, na kwamba asiyeyajua hayo hajui anachokitazama. Hilo linaonekana jambo la kawaida sasa. Wakati ule, makumbusho mengi ya Ulaya yalijaza vinyago kwenye makabati yakaandika chini yake neno moja tu: Kongo.

Mwaka 1949 Biebuyck alifika Kongo akiwa mtafiti wa IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Makao yake makuu yalijengwa Lwiro, kwenye vilima vya karibu na Bukavu. Majengo hayo yapo hadi leo, ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha serikali ya Kongo. IRSAC iliwakusanya vijana ambao baadaye wangekuwa majina makubwa: Jan Vansina, aliyewafundisha wanahistoria kuyapima masimulizi ya mdomo kama wanavyozipima hati, Jacques Maquet, aliyeiandika Rwanda, na de Heusch mwenyewe. Biebuyck alianza kwa Wabembe na Wazoba wa upande wa Ziwa Tanganyika na milima ya Itombwe. Kisha akaingia msituni kwa Walega.

Alikuwa na mtangulizi mmoja tu wa kutajwa. Charles Delhaise, ofisa wa utawala, alitoa mwaka 1909 kitabu kilichoitwa Les Warega. Kitabu hicho kina mambo mengi ya maana, lakini Delhaise aliitazama Bwami akiwa nje ya ua. Biebuyck aliingia ndani ya ua.

Na humo alikuta nini? Alikuta watu wasio na mfalme, wasio na jeshi, wasio na mji mkuu, ambao hata hivyo waliendesha maisha yao kwa utaratibu mkali kupita falme nyingi. Koo zilijitegemea, vijiji vilikuwa vidogo, na juu ya koo zote ilitandazwa Bwami. Mwanamume aliingia ngazi ya kwanza, kongabulumbu, akapanda kansilembo, kisha ngandu, kisha yananio, na wachache sana walifika kindi, ambayo nayo ilikuwa na vidaraja vyake ndani. Majina yalitofautiana kidogo toka sehemu moja hadi nyingine. Wanawake walikuwa na ngazi zao: bombwa, bulonda na bunyamwa. Mume hakuweza kufika juu peke yake. Ilibidi mkewe naye awe ameingizwa. Kindi asiye na mke wa ngazi ya bunyamwa hakukamilika, na mwanamke aliyefika hapo aliheshimiwa kama mumewe, hata na wanaume.

Kupanda ngazi kulikuwa na gharama. Mgombea alikusanya fedha ya kienyeji iitwayo musanga, yaani vipande vya magamba ya konokono vilivyotungwa kwenye uzi, pamoja na chumvi, mafuta, shanga na nyama ya mawindo. Peke yake asingeweza. Alihitaji baba wadogo, wajomba, mashemeji na marafiki. Aliyekuwa mchoyo, mgomvi au mzinzi alijikuta hana wa kumchangia. Mali yote ikigawiwa mbele ya hadhara, aliyeitoa anabaki na jina na mafundisho tu. Hapo ndipo maofisa wa kikoloni walipochanganyikiwa. Waliona mali ikizunguka wasijue inakokwenda, wakaona wazee wanaotiiwa bila kuteuliwa na yeyote ofisini, wakaiita Bwami chama cha hatari.

Mafundisho yenyewe yalitolewa kwa njia ambayo shule za leo zingefaidika kuijifunza. Mwalimu, anayeitwa nsingia, hakusimama na kuhubiri. Aliimba methali, akaicheza, akaigiza mhusika wake, na mkononi akashika kitu: sanamu ndogo ya pembe, ukucha wa mnyama, jani kavu, kiti, kijiko. Mgombea alitakiwa kuunganisha kitu, mchezo na maneno, akapata mwenyewe kinachosemwa. Sherehe ya ngazi ya juu iliweza kuchukua siku kadhaa, na katika siku hizo methali zilipita kwa mamia. Kitu hichohicho kilichomwakilisha mtu mwema asubuhi kiliweza jioni kumwakilisha mpumbavu, kutegemea wimbo na hatua za mchezaji.

Ichukue barakoa iitwayo lukwakongo. Ni ya mti, ndogo, haifuniki uso mzima wa mtu mzima. Imepakwa chokaa nyeupe, na kidevuni ina ndevu ndefu za nyuzi. Mtu wa makumbusho akiiona anaitundika ukutani kwa usawa wa macho, kwa kuwa barakoa ni ya kuvaliwa usoni. Biebuyck aliwaona wenyewe wakiivaa kwenye paji la uso, kisha utosini, kisha kwenye mkono, kwenye goti. Aliwaona wakizipanga nyingi kwenye ua wa miti na kuzichezea mbele yake. Aliwaona wakiiburuta chini kwa ndevu zake. Kila mkao una methali yake. Ilikuwa kumbukumbu ya wafu na kitambulisho cha ngazi ya yananio, na mmiliki aliirithi kutoka kwa ndugu aliyekufa, naye akifa itamfikia mwingine.

Au itazame sanamu ya Sakimatwematwe, mtu mwenye vichwa vingi vinavyotazama kila upande. Wazee walimweleza Biebuyck kuwa huyu ni mtu wa hekima, anayeona hata tembo aliye ng'ambo ya mto mkubwa. Kando yake huwekwa sanamu za watu waliopotoka, kama Wayinda, mwanamke mjamzito aliyevunja ndoa na kuleta maangamizi nyumbani. Za pembe za ndovu walikuwa nazo kindi peke yao. Zilipakwa mafuta kama miili ya wenyewe inavyopakwa, miaka na miaka, mpaka pembe ikageuka rangi ya asali. Rangi hiyo ndiyo wanunuzi wa Ulaya wanayoilipia fedha nyingi mnadani. Ni alama ya mikono ya vizazi iliyoishika na kuipaka.

Kisha yupo kakakuona. Katika msitu wa Walega mnyama huyu, hasa yule mkubwa, haliwi ovyo. Inasemwa kwamba ndiye aliyewafundisha watu kuezeka: magamba yake yanalaliana kama majani juu ya paa, la juu likifunika mwanzo wa la chini, na maji yanateremka bila kupenya. Mwindaji akimwua kwa bahati mbaya, nyama yake inakwenda kwa Bwami na kugawiwa kwa kanuni, na jamaa wanafanya taratibu za kuondoa nuksi. Mwaka 2016 mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote. Walega walikuwa wameshamwekea sheria kabla ya dunia kujua kuna tatizo.

Kati ya yote yaliyohifadhi elimu hiyo, kilicho rahisi kukipuuza ni kamba. Walega wanaiita mutanga. Ni kamba iliyofungwa vitu vidogo vidogo mfululizo: manyoya ya ndege, kipande cha kibuyu, jino, kokwa, jani, kipande cha mti. Kila kimoja kinaita methali yake. Mzee anaishika, anapitisha vidole, anasimamisha kidole kwenye kitu, na hadhira inaitikia. Mmisionari Defour, aliyeishi miaka mingi na Walega, aliandika kitabu kizima juu ya kamba hiyo ya hekima kilichochapishwa Bukavu, na wasomi wa Kilega wameendelea kuifanyia kazi.

Hapa inafaa kuvuka bahari hadi milima ya Andes. Wainka, waliotawala toka mji wa Cusco eneo kubwa la Amerika ya Kusini mpaka Wahispania walipowavamia mwaka 1532, hawakuwa na maandishi ya wino. Walikuwa na khipu, nyuzi za pamba au sufu zilizopigwa mafundo, na watunzaji waliofunzwa kuzisoma. Mwaka 1912 mtafiti Leland Locke alionyesha kwamba mafundo mengi ni hesabu za makumi, mamia na maelfu. Nyingine zinadhaniwa kubeba masimulizi, na wataalamu kama Gary Urton, aliyekuwa Harvard, wametumia maisha yao kuzichambua. Kwa nini zimebaki kitendawili? Sababu mojawapo ni kwamba baraza la Kanisa lililokutana Lima mwaka 1583 liliagiza khipu zilizohusishwa na ibada za kale ziharibiwe, na watunzaji wake hawakubaki na wanafunzi. John Murra, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Odessa aliyepigana vita vya Hispania akiwa kijana kisha akautumia umri wake kuutafiti uchumi wa Wainka, alilazimika kuwasoma kupitia kumbukumbu za mahakama na sensa za Wahispania. Hakuwa na mzee wa kumwuliza. Wazee walishakufa karne kadhaa kabla yake.

Murra alimaliza tasnifu yake Chicago mwaka 1956. Mwaka huohuo, Walikale, katika nchi ya Wanyanga, Biebuyck alikuwa na wazee wa kuwauliza, walio hai na wenye sauti. Tofauti kati ya watafiti hao wawili iko hapo, na ndiyo inayoifanya kazi iliyofanyika Pangi na Walikale kuwa ya thamani isiyopimika: Bwami ilipigwa marufuku, lakini haikuwahi kuuawa, na mtu mwenye daftari alifika wakati masengo, yaani vitu vitakatifu vya chama, bado yana watu wa kuyasemea.

Kilichotokea Walikale mwaka 1956 kinastahili makala ya peke yake. Biebuyck alikuwa tangu 1954 anaishi kwa Wanyanga, jirani za Walega upande wa kaskazini. Wanyanga wana utendi mrefu wanaouita karisi, ambao wenye kuujua wote walikuwa wachache. Mmoja wao ni Candi Rureke, mtu wa kijiji cha Bese. Kwa siku 12 mfululizo Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza habari za shujaa Mwindo. Mkononi ana usinga na kibuyu cha manyanga, miguuni njuga, kando yake vijana wanapiga fito kushika mapigo, na watu wa kijiji wamejaa wakiitikia, wakishangilia na kumtunza zawadi. Biebuyck na wasaidizi wake wawili wa Kinyanga, Amato Buuni na Stephano Tubi, waliandika kwa mkono kila neno waliloliwahi.

Hadithi yenyewe! Chifu Shemwindo wa Tubondo anatoa amri kwamba wake zake wote wazae wasichana tu. Mke kipenzi anapata mimba inayokawia kuliko zote, na Mwindo anazaliwa kwa kutokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, anatembea na kusema siku hiyohiyo, na usinga wake mkononi. Baba anamrushia mikuki, inaanguka. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma inaelea, mtoto anaimba ndani, anaifuata njia ya shangazi yake Iyangura. Baadaye anarudi kumwandama baba yake mpaka kuzimu kwa Muisa. Akishamshinda hamwui: wanagawana nchi. Na siku Mwindo anapolewa sifa za ushujaa wake na kulichinja joka, Nkuba, radi mwenyewe, anamchukua juu angani, ambako anapigwa na baridi na jua na mvua mpaka anyenyekee. Anarudi duniani akiwa chifu mwenye sheria, na miongoni mwa sheria zake ni kwamba mtoto wa kike na wa kiume wapokewe sawa.

Kitabu kilitoka mwaka 1969, The Mwindo Epic, kikiwa na matini ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Jina la pili juu ya jalada ni Kahombo Mateene, Mnyanga, mwanaisimu, aliyeshughulika na Biebuyck kuipanga lugha na kuifafanua. Hilo halikuwa jambo la kawaida wakati ule, ambapo msaidizi wa Kiafrika aliishia kushukuriwa kwenye ukurasa wa dibaji. Mateene baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akitetea lugha za Kiafrika ziingie mashuleni na serikalini. Baada ya miaka tisa, mwaka 1978, Biebuyck alitoa Hero and Chief, chenye masimulizi mengine ya Mwindo, ili ionekane kwamba kila manju ana Mwindo wake. Leo utendi huo unafundishwa katika vyuo vingi vya Marekani pamoja na Gilgamesh na Sundiata. Jina la Rureke linapaswa kutamkwa humo kwa sauti ileile wanayomtajia Homer.

Toka 1957 Biebuyck alifundisha Lovanium, chuo kikuu cha Léopoldville ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Miaka hiyo alizunguka pia sehemu nyingi za Kongo kutafiti umiliki wa ardhi. Suala hilo lilikuwa la moto, maana sheria ya kikoloni ilihesabu pori lisilolimwa kuwa ni la serikali, wakati kila kijito na kila pori la kuwindia lilikuwa na ukoo wake. Januari 1960, wakati wanasiasa wa Kongo wakikutana Brussels kudai uhuru, Lovanium iliandaa semina ya kimataifa kuhusu mifumo ya ardhi barani Afrika. Biebuyck ndiye aliyeyahariri makala yake kuwa kitabu, African Agrarian Systems, mwaka 1963. Yeyote anayefuatilia leo migogoro ya ardhi ya Kivu na Maniema atakuta humo maswali yaleyale.

Mwaka 1961 aliondoka Kongo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, akapita Los Angeles, UCLA, mwaka 1964 hadi 1966, kisha akarudi Delaware na kubaki huko mpaka alipostaafu mwaka 1989. Haya yasikawize msomaji: ni maisha ya profesa, madarasa na vikao. Kilicho cha maana ni kwamba madaftari ya Pangi, Mwenga na Shabunda alikuwa nayo, na hakuyaharakisha. Lega Culture, kitabu chake kikuu, kilitoka mwaka 1973, karibu miaka 20 baada ya utafiti. Ndani yake, methali zimeandikwa kwa Kilega kwanza. Ngazi kwa ngazi anaonyesha nani alisimama wapi, nini kilitolewa, nini kiliimbwa, nini kilimaanishwa na nani alisema hivyo. Juzuu mbili za The Arts of Zaire zilifuata mwaka 1985 na 1986, na hata mwaka 2002, akiwa na miaka zaidi ya 75, alitoa kitabu kingine juu ya maadili na uzuri kwa Walega. Alifariki mwaka 2019.

Kuna maswali ya kumwuliza, na kumheshimu mtu si kuyameza. Alilipwa na taasisi ya wakoloni, katika nchi ambayo Mwafrika hakuwa na haki ya kupiga kura ya kitaifa, na mwenyeji aliyekataa kuzungumza na mzungu alikuwa anajua hatari yake. Vitu na maneno yaliyokuwa ya kindi peke yao vilichapishwa, vikapatikana kwa yeyote mwenye fedha za kununua kitabu. Ngazi za wanawake zimepata kurasa chache kuliko uzito wake ndani ya Bwami yenyewe. Mtafiti mwanamume alionyeshwa yale ambayo mtafiti mwanamume angeweza kuonyeshwa. Tena kuna soko. Marufuku ya 1948, shinikizo la misheni na haja ya fedha za kodi vilifanya vitu vya Bwami viuzwe, na vitabu vyake, bila yeye kukusudia, vikawa mwongozo wa wanunuzi wa kujua kipi ni kipi.

Vitu hivyo vimesambaa. Makumbusho ya Tervuren, kando ya Brussels, yanavyo vingi. Jay Last, mwanafizikia na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Fairchild iliyofungua njia kwa viwanda vya kompyuta vya California, alikusanya sanaa ya Walega kwa miaka mingi na kuikabidhi sehemu kubwa Makumbusho ya Fowler ya UCLA, ambako mwaka 2001 Elisabeth Cameron aliandaa maonyesho makubwa. Katalogi ya maonyesho hayo isingeandikika bila Biebuyck. Na Biebuyck asingeandika bila wazee ambao, wakiwa wamekatazwa kukusanyika, waliamua kwamba afadhali mgeni mmoja aandike kuliko wote kunyamazishwa. Uamuzi huo ulikuwa wao. Hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuyasoma maisha yake kama sehemu ya historia ya Maniema, pamoja na majina ya Kasongo na Nyangwe ambayo kila mtoto wa shule anayajua kwa habari za misafara ya pembe na watumwa. Pembe ya Maniema ina historia nyingine pia: ile ya sanamu ndogo iliyopakwa mafuta, iliyofundisha watu kujizuia.

Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyo Tervuren, na mwaka huohuo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha. Kinshasa ina Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Majadiliano hayo yanafanywa na mawaziri, wanasheria na wakurugenzi, kwa Kifaransa. Barakoa ya lukwakongo ikirudi na kutundikwa ukutani kwa usawa wa macho, itakuwa imetoka kabati moja na kuingia jingine. Wanaojua kwamba inavaliwa pia gotini, na wimbo gani unaifuata, ni watu wa Pangi, Shabunda na Mwenga, na kila mwaka wanapungua. Chuo Kikuu cha Kindu kiko umbali wa kivuko na barabara tu kutoka kwao. Mambo mawili yanaweza kuanza bila kungoja ndege ya Tervuren: wanafunzi wa Kindu kutumwa na vinasa sauti kwa wazee na kwa mabibi wa bunyamwa waliobaki, na kitabu cha 1973 kutafsiriwa kwa Kiswahili, ili wazee hao wakisomewe, wakisahihishe palipokosewa, na masahihisho yao yachapishwe ndani yake.